Siku Nilisimamisha Muziki Rangwe

Kila Jumapili watu wakitoka kanisa, sisi mashabiki wa ohangla, ile ngoma ya Wajaluo, hapa Suna tunakutana kwa kinyozi. Si chama. Hatuna mwenyekiti, na viti zenyewe hazitoshi: kuna benchi ya mbao, kuna ile ya kunyolea, na kuna debe ya rangi imepinduliwa. Hiyo debe ni yangu. Kazi yetu ni kukumbushana shoo. Nani alikuwa wapi, msanii alivaa nini, spika gani ilitoa moshi, nani alicheza mpaka soli ya kiatu ikabaki uwanjani. Msanii wetu mwenyewe amezeeka. Siku hizi anaimba nyimbo mbili anaomba maji. Kwa hivyo tunakula zile za zamani, kama watu wanachemsha chai na majani ya jana.

Mimi nauza viatu za mtumba. Shule niliachia Form Two, na msifikirie kuna story ya huzuni hapo. Nilitumwa nyumbani kuleta karo, njiani nikakuta bendi inashusha spika kwa lori, nikawasaidia kushusha. Mpaka leo nasaidia kushusha.

Masomo sina, lakini mdomo niko nayo, na nilikuwa na story moja, ya shoo ya Rangwe, hakuna mtu kwa hiyo kibanda angeweza kuishinda. Mgeni akija, kinyozi mwenyewe alikuwa anazima mashine ya kunyoa, mteja anabaki na nusu ya kichwa, anasema, "Jaduong', mpe Rangwe." Jaduong', yaani mzee, ni mimi.

Kama hujawahi kwenda shoo ya kwetu, wacha nikueleze kitu moja kwanza. Kwetu msikilizaji anaweza kusimamisha bendi. Unainua mkono, unamwekea msanii kitu kidogo, anaangalia watu wake, ngoma zinanyamaza, inabaki orutu peke yake na uzi wake mmoja inalia chini chini. Unapewa maiki. Hapo sasa unajisifu. Wewe ni nani, unatoka wapi, umeshinda nani. Tunaita pakruok. Mtu anaweza kuwa hana hata sufuria nyumbani, lakini kwa hiyo dakika moja yeye ni ndovu. Ukimguza mwenzako, yeye pia anaruhusiwa kuja kukujibu. Halafu ngoma zinarudi, mnacheza, na inachukuliwa kwamba hakuna mtu alikasirika.

Sasa Rangwe. Nilikuwa naisimulia hivi.

Mimi na ndugu yangu mkubwa tulikuwa hatupitwi na shoo. Yeye alikuwa miguu, mimi mdomo. Brathe akicheza, watu walikuwa wanarudi nyuma kumpa nafasi, hata wale wamelewa. Mimi nikicheza, watu wanauliza kama nimekanyaga siafu. Siku hiyo ilikuwa mchana, uwanja karibu na soko, jua ya kukaanga kichwa. Wimbo wa nne. Brathe yuko mbele, vumbi imemfika kiunoni. Mara namwona anaenda kwa msanii, anainua mkono, ngoma zinanyamaza. Mimi nikajipanga vizuri nikijua leo nasifiwa mbele ya Rangwe yote. Anachukua maiki. "Mnaona yule jamaa pale? Huyo ni mdogo wangu. Shule ilimtapika Form Two. Ng'ombe ya karo ilienda haikurudi. Yeye ndio alirudi!"

Uwanja mzima ulianguka. Mpiga ngoma aliangusha fimbo.

Hapo kwa kinyozi watu pia walikuwa wanaanguka. Nilipoanza kuisimulia, ng'ombe ilikuwa moja. Kufika mwaka huu zilikuwa tatu na mbuzi.

Mwisho wa story ilikuwa koti. Brathe alimaliza kunitukana, akaondoka na maringo, koti yake ikabaki chini. Koti ya kahawia, ya ngozi, imeshonwa vizuri. Nikaokota, nikasema hii ni fidia ya kutukanwa. Na kila Jumapili nilikuwa naivaa kwa kinyozi, Suna na joto yake hii, juu story bila koti ilikuwa haiishi vizuri. Natoka jasho mpaka kwa magoti, lakini nikifika pale mwisho nasimama juu ya debe, nageuka kama mrembo wa mashindano, watu wanapiga makofi.

Hiyo ndio sehemu ya kucheka. Ile ingine ni kwamba mimi na yeye tulikaa miaka kumi na moja bila kuongea. Yeye alihama akaenda Karungu kufungua posho mill. Mama alinituma kwake mara mbili. Mara zote mbili nilimjibu kitu moja: aliyetukana ndio anatembea. Na kwa matanga ya mama mwenyewe, mimi na brathe tulisimama kila mtu upande wake wa kaburi, kama magoli mbili. Nilikuwa namngoja aanze. Nilikuwa nimeshatayarisha mpaka vile nitamsamehe, na mzaha gani nitaweka ndani.

Jumapili moja alikuja mama mmoja wa Homa Bay, anayeleta samaki ya omena soko ya hapa. Alikuwa anangoja mvua iishe, akakaa kwa benchi, akasikia tunaongea shoo. Akachangamka. Akatuambia vile alicheza Homa Bay akiwa na mimba ya miezi nane, na vile msanii alimwambia kwa maiki, "Mama, kaa chini, nitashtakiwa." Tulicheka sana. Kinyozi akaona huyu ni mwenzetu, akazima mashine.

"Jaduong', mpe Rangwe."

Nikampa. Nikaweka ng'ombe zote. Nikapanda debe, nikageuka na koti. Wote walipiga makofi isipokuwa yeye.

"Mimi pia nilikuwa Rangwe," akasema.

"Ero kamano, asante!" nikasema. "Shahidi amefika. Waambie."

"Lakini si wewe ndio ulitangulia?"

"Kutangulia wapi?"

"Kwa maiki."

"Mama, hiyo siku jua ilikuwa kali. Labda ilikupata vibaya."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anaangalia koti.

"Nilisimama karibu na yule mama alikuwa ameshika hiyo koti," akasema. "Ilikuwa mkononi yake."

Kwa story yangu hakukuwa na mama yeyote ameshika koti. Nikafungua mdomo nimjibu, lakini jamaa mmoja wa boda, ambaye kila kitu ya zamani iko kwa simu yake, akaingilia. "Si hiyo shoo mimi niko nayo? Yule fundi wa mitambo alikuwa anarekodi zote, anauza kwa memori kadi. Rangwe iko."

Hakuna mtu alinilazimisha. Mimi mwenyewe ndio nilisema, "Weka! Weka kwa ile spika kubwa, huyu mama asikie vizuri."

Ikawekwa. Tulisikia ngoma, tukasikia msanii na sauti yake ya zamani, ile yenyewe, tukaanza kutingisha vichwa. Kinyozi alifunga macho. Wimbo wa kwanza, wa pili, jamaa wa boda anaruka mbele mpaka wa nne. Ngoma zikanyamaza. Orutu ikabaki.

Halafu mtu akakohoa kwa maiki, na nilijua hiyo kikohozi kabla hajasema neno. Ni yangu.

"Rangwe mpo? Mimi ni jogoo! Mimi ni jogoo ya vifaranga tatu! Yule mnaona anawatimulia vumbi hapo mbele ni ndugu yangu. Huyo ni jogoo ya kuwika tu! Miaka saba anawika kwa nyumba, hakuna yai!"

Kicheko ikatoka kwa hiyo spika mpaka kioo ya kinyozi ikatingishika. Na ndani ya hiyo kicheko kuna moja iko karibu sana na maiki, ndefu, inaendelea peke yake hata wengine wakiwa wamemaliza. Hiyo pia ni yangu.

Niliketi kwa debe.

Orutu ikaendelea peke yake. Kisha tukasikia mtu anahema, mtu ametoka kucheza. Brathe alisema polepole, karibu anaongea na mimi peke yangu. "Mimi ni yule aliacha darasa la nane akaenda kupakia mchanga, ndio mdogo wake asome. Mdogo wake akafika Form Two, akaona nimebaki huku nje peke yangu, akarudi kunisindikiza."

Watu walicheka hapo pia. Lakini ilikuwa kicheko ya kupoa, ya watu wanataka yaishe. Hakukuwa na ng'ombe. Baba alikufa hata hajanipeleka shule, ng'ombe ingetoka wapi? Ilikuwa mchanga. Brathe alibeba mchanga, na mimi kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimeigeuza ng'ombe ya baba, na sikujua nimeigeuza. Hiyo ndio kitu inanishinda. Mtu akidanganya anajua anadanganya. Mimi nilikuwa nakumbuka. Nilikuwa nawaona hao ng'ombe.

Rekodi ilikuwa bado inaendelea. Sauti ya brathe ikasikika mbali, sasa ameachilia maiki. "Ngoja! Ngoja basi!" Na msanii akasema haraka haraka, "Haya, ngoma, ngoma," na ngoma zikarudi.

Jamaa wa boda alizima. Hakuna mtu aliniangalia. Wote waliangalia mvua.

"Yawa, jamani," kinyozi akasema.

Mama wa omena akaniambia, si kwa ubaya, "Hakuiangusha. Aliikunja kwanza, akaiweka chini, ndio akaenda. Bwana yake akamfuata mbio."

Huyo aliyekunja koti ni shemeji yangu. Mwezi huo huo alirudi kwao. Watu wakiniuliza mbona, nilikuwa nasema, mwanamke gani anaweza kukaa na bwana wa kucheza ohangla kila wiki? Na walikuwa wanacheka. Nilikuwa nimeshapata mzaha hata ya hiyo.

Nilitoa koti kwa mwili. Shati ilikuwa imelowa kama nimenyeshewa. Nikakumbuka vile nilimwambia mama yangu, aliyetukana ndio anatembea. Basi.

Jumanne nilifunga kibanda ya viatu nikaenda Karungu. Koti niliifuta ndani na kitambaa, nikaipaka mafuta, nikaiweka kwa mfuko ya nailoni. Njia yote nilikuwa nafanya mazoezi. Nilikuwa na maneno matatu tu: nisamehe, wuod minwa. Wuod minwa ni mwana wa mama yangu. Hata mtu wa Form Two anaweza kushika maneno matatu.

Posho mill yake unaisikia kabla uione. Ni chumba ya mabati, mlango uko wazi, unga inatoka kama moshi. Kulikuwa na wanawake watatu kwa laini na ndoo za mahindi. Brathe alikuwa ndani, mweupe kuanzia kichwa mpaka viatu, huwezi kujua ni mvi ama ni unga. Amekonda. Ile miguu ya Rangwe imesimama tu pale kama ya mtu yeyote.

Aliniona. Akaendelea kumimina mahindi.

Nikaita. Mashine ikameza. Nikaita tena, akaguza sikio, maana yake hasikii. Sikujua nifanye nini, na mkono wangu ukainuka wenyewe. Uliinuka vile unainua kwa shoo, kiganja wazi, ukiomba bendi inyamaze.

Aliangalia huo mkono kwa muda. Alikuwa anaujua. Halafu akainama, akazima injini. Mshipi ukazunguka, ukachoka, ukasimama. Nilikuwa sijawahi kusikia kimya kubwa hivyo. Wale wanawake wote walinigeukia.

"Haya," brathe akasema. "Umesimamisha. Sema."

Ile kimya, na watu wamegeuka. Ni mahali nimesimama maisha yangu yote. Na nikafungua mdomo, na yale maneno matatu yalikuwa hapo, nilikuwa nayaona, lakini kitu ilitoka ni hii:

"Nimeleta gunia moja ya ujinga. Kusaga ni ngapi?"

Wanawake walicheka. Mmoja alishika mwenzake bega. "Woi, huyu mzee!" Ilikuwa nzuri, siwezi danganya. Ilikuwa mzaha nzuri, na nilisikia ile raha ikipanda kwa kifua kabla nikumbuke niko wapi.

Brathe hakucheka. Lakini alingoja. Nataka hiyo ijulikane: alingoja. Alisimama na mkono juu ya mashine, akiniangalia, akinipa nafasi ya pili ambayo mimi sikumpa hata ya kwanza. Na mimi, juu wale wanawake walikuwa bado wanatabasamu, nikaongeza: "Ama mnasaga tu mahindi, nirudi nayo Suna?"

Wakacheka tena. Akawasha injini.

Nilitundika ule mfuko kwa msumari karibu na mlango nikatoka. Nilikuwa nimefika barabarani wakati nilisikia nyayo. Nikageuka haraka, na nitakubali, nilikuwa tayari kulia. Alikuwa ameshika mfuko.

"Umesahau hii."

"Ni yako, brathe. Nimerudisha."

Akatoa koti, akaangalia ndani, kwa kola, mahali nilikuwa nimepaka mafuta. Vidole vyake viliacha unga kwa ngozi.

"Alininunulia yeye," akasema. "Aliuza kuku."

"Sikujua."

"Ungejuaje."

Nikauliza shemeji yuko wapi siku hizi. Nilikuwa nataka tu kuendelea kuongea, juu tukiendelea kuongea labda tungefika mahali.

"Aliolewa upande wa Rongo," akasema. "Ana watoto wanne." Akakunja koti, mkono kwa mkono, akairudisha kwa mfuko, akanipa. "Kwa hivyo hukudanganya watu wa Rangwe."

Nikatafuta kitu ya kusema, nikakosa. Kabisa. Mdomo ulikuwa mtupu kama ndoo. Hiyo kukosa ingekuja dakika kumi mapema ingenisaidia.

Alirudi ndani. Akiwa karibu na mlango nikasema, "Nisamehe, wuod minwa." Nilisema yote matatu, kwa mpangilio. Hakugeuka. Mashine ilikuwa inanguruma, na mwanamke mmoja alikuwa anamwonyesha ndoo yake. Sijui kama alisikia. Nilisimama hapo kidogo, nikaogopa kuinua mkono tena.

Jumapili nilienda kwa kinyozi bila koti. Iko nyumbani, kwa mfuko ule ule, na unga yake. Kulikuwa na wageni wawili, vijana wa kuuza simu, na kinyozi hakuwa na hakika aniambie ama anyamaze. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Jaduong', kama unaweza."

Nikawapa Rangwe vile iko kwa memori kadi. Nilisema jogoo, nikasema yai. Nikasema mchanga. Nikasema shemeji alikunja koti. Niliketi tu kwa debe, sikusimama. Nilipomaliza, wale wageni waliangaliana, na mteja kwa kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, akaangalia kinyozi kwa kioo.

Kinyozi alipuliza nywele kwa mashine yake. Alipuliza muda mrefu.

"Ni sawa, Jaduong'," akasema. "Lakini ile ya kwanza ilikuwa tamu."

"Kweli," jamaa wa boda akasema. "Hata kama ni hivyo, si ungewacha ng'ombe mmoja?"

Mtu akacheka kidogo, halafu mwingine, halafu benchi nzima, na mimi nikacheka pamoja nao. Tulicheka wote. Wakamaliza. Kinyozi akawasha mashine, na nikasikia kuna mtu bado anacheka, peke yake.